Kwa Papa Védaste Habumugisha, Mtunzi wa Kweli wa "Kitadowa"

Papa, mwaka umezunguka tangu ile wiki ya Novemba 2012, vita ilipoingia Goma na wewe ukatoka. Hatujui kama mlipishana mlangoni.

Tujisifu kwanza, maana hata wewe hukuwa mchoyo wa kujisifu: chini ya jua hili hakuna mtu anayekujua kuliko sisi watoto wako. Tunajua ulivyopuliza chai hata iliyokwisha poa. Tunajua ulivyokata kucha za miguu kwa kisu cha mkate pale kibarazani, kisha ukaapa kwa Bikira Maria kwamba umekiosha. Wateja wa Munigi mtakaosoma hapa, poleni. Mlikwisha kula.

Tunaijua tanuri yako, na mikono yako yenye alama za moto hadi kwenye viwiko. Tunaujua mkate wa kwanza wa kila asubuhi, ambao haukuuzwa kamwe kwa sababu ulikuwa wa mtu atakayepita. Watu wa Kibumba walipokimbia vita wakajaa kambi ya Kanyaruchinya, jirani yetu, waliopita wakawa wengi kuliko wanunuzi. Mama alinung'unika, ukamjibu, "Kanyere, tumbo ya mutu haingojake vita ishe."

Siku kambi ilipotawanyika, barabara ikajaa magodoro na watoto, ulisimama mlangoni ukigawa hadi unga ukaisha. Kesho yake moyo wako ukakataa. Hakukuwa na gari la kukupeleka hospitali. Hilo hatujalisamehe, wala hatujui tumsamehe nani.

Basi tulikujua, mpaka siku ya kuondoa matanga.

Waasi walikuwa wamekwisha toka mjini. Akaja mtu wa Bukavu, Papa Zihindula, mmoja wa hawa wanaoitwa bamelomani, watu wanaopenda muziki kuliko chakula. Kifuani alikumbatia foronya, na ndani ya foronya mlikuwa na disiki ndogo nyeusi, santuri ya zamani.

"Ni hapa kwa mutunzi?" akaniuliza.

"Hapa ni kwa mutu wa mikate, papa. Mutunzi wa nini?"

Aliniangalia kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Mutoto mukubwa vile, na haumujue baba yako."

Kwa hiyo majivuno yetu ya hapo juu yalikufa siku ile, hata nyama ya matanga haijaiva.

Kumbe mwaka wa sabini na nne, ungali na nywele, ulipanda lori pamoja na bendi yenu, orkesta Lave Chaude, hadi Nairobi, mkarekodi muziki wa soul. "Kitadowa", jina la ile taa ya mkebe na utambi, ni wimbo wako: maneno yako, sauti yako. Etiketi ya disiki, ile karatasi ya katikati, inasema mtunzi ni Grégoire Nzabonimpa, mkubwa wa orkesta, ambaye kazi yake yote ilikuwa kumiliki vipaza sauti. Disiki zilitolewa chache, vita zikala nyingi, na sasa kuna watu Bukavu, Butembo, Nairobi, mpaka Ulaya, wanaozitafuta kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotelea sokoni. Wao wanajua kwamba mtunzi ni wewe. Walimuuliza mpiga ngoma wenu kabla hajafa. Wanajua kwamba siku ya kurekodi ulikuwa na mafua. Wanajua kwamba kabla gita haijaanza kuna kikohozi, na kwamba kikohozi hicho ni chako.

Zihindula akaweka disiki kwenye mashine aliyokuja nayo. Watu wazima wenye ndevu wakafumba macho wakingoja kikohozi. Kikatoka. Dada yangu Charline akasimama: "Ni Papa." Mama akajifunika kitenge usoni. Yeye alijua siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Sisi tulikusikia ukiimba kwenye tanuri, tukadhani ni wimbo wa mtu mwingine, kama nyimbo zote.

Sasa niseme kilichonichefua, maana kimenijaa hadi kooni.

Kwanza huyo huyo Zihindula. Wimbo ulipokwisha alilamba kidole gumba, akapangusa disiki, akalamba tena, akapangusa upande wa pili. Kisha kwa mkono ule ule akamsalimia padri na kuchagua ndizi. Halafu, bila aibu, akanieleza kwamba yeye na wenzake walidhani ulikufa kwa volkano ya 2002, mpaka waliposikia habari za msiba huu. "Tulimulilia sana," akasema. Miaka kumi, Papa. Miaka kumi wanakulilia, na wewe uko Munigi unauza mkate. Hata mmoja hakupita kununua.

Halafu akaliona bakuli.

Wasomaji wajue bakuli hilo ni nini. Januari ya 2002, mji ukiwa mikononi mwa waasi wa wakati ule, Nyiragongo ilitapika juu yetu, tukakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda. Mama alibeba sufuria na Charline. Wewe ulibeba katoni ya disiki, na Mama alikusema kwa hilo mpaka mwisho. Wakati wa kurudi tulivuka juu ya lava iliyokwisha kuwa nyeusi. Bibi mmoja alikwama katikati, kandambili zake zimeyeyuka. Uliweka katoni chini, ukambeba mgongoni hadi ng'ambo. Sasa, lava ya Goma juu ni jiwe, ndani ni tanuri. Na aliyesahau jambo hilo ni mtu wa tanuri. Uliporudi kuchukua katoni, "Kitadowa" yako ya pekee ilikuwa imejikunja kama jani la kabichi.

Hukulia. Uliifanya bakuli la karanga, ukala humo miaka yote, na chumvi iliyobaki kwenye mifereji ya wimbo ukailamba. Ilikuwa inachukiza. Nilikwambia mara nyingi, ukanipa karanga.

Zihindula alipoliona juu ya kabati alipiga magoti. Alilibusu. Maganda ya karanga yakabaki kwenye masharubu yake, naye hakuyapangusa. Nilitoka nje kutema mate.

Lakini huyo, pamoja na mate yake, ni malaika ukimweka karibu na Grégoire. Grégoire alikuja kwenye matanga yako ananuka marashi mpaka nzi walihama. Alilia kuliko mjane. Alikula nyama, kisha akaomba na ya kubeba. Na jana karudi tena, amevaa suti ile ile, kutuletea habari kuhusu misa ya kumbukumbu yako.

Habari yenyewe ni hii. Disiki ina beti mbili. Wa tatu fundi wa Nairobi aliukata kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Bamelomani wote wanajua kwamba upo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia. Ulimtungia Mama, wakati baba yake, muzee wa Butembo, alipokataa kumpa binti yake kijana wa Rutshuru asiye na mali ila gita. Ulimwimbia yeye tu.

"Miye njo nitaimba ile kuple ya tatu siku ya posho," Grégoire akasema, yaani Jumamosi, siku ya misa. "Bamelomani batakuya na mashini za kurekodi. Itaingia vizuri."

"Uliijulia wapi?" Mama akamuuliza.

"Nimeitunga, Mama Kanyere. Jina yako niliitia mule, usiogope."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Vidole vyake vilisimama. "Grégoire, ulikamata wimbo ya bwana yangu kwa etiketi, akakuachia. Sasa unataka na miye?"

"Basi nani ataimba? Weye unaikumbuka?"

Hapo ndipo shida ilipo, Papa. Mama anakumbuka mwanzo, na anakumbuka mwisho. Katikati pamemtoka. Tangu uondoke anapatafuta: anaanza, anafika mahali, anasimama mdomo wazi kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Na hiyo Jumamosi wakirekodi ubeti wa Grégoire, huo ndio utakaobaki duniani, na jina la Mama ndani yake, limetoka katika kinywa kile. Mama amesema akimwona anasimama kuimba, yeye atatoka, hata padri awe bado yuko madhabahuni.

Ametuuliza sote. Charline haujui. Mimi nilimjibu, "Miye, Mama? Ile miziki ya bazee inanichefuaka. Sikushika hata neno moja."

Kwa hiyo familia inatangaza: ubeti wa tatu wa "Kitadowa" ulikwenda na mwenyewe, na hautaimbwa na mtu yeyote. Anayekuja kwa ajili ya kuurekodi abaki kwao. Anayekuja kwa ajili yako, misa ni Jumamosi asubuhi parokiani, kisha mkate nyumbani, Munigi. Kisu ni kipya.

Wanaokukumbuka: mke wako Kanyere, watoto wako Charline na Achille, aliyeandika, wapenzi wa "Kitadowa" popote walipo, hata wale wa mate, na jirani yako wa ukuta mmoja, Mama Athanasie. Siku zipite zinavyotaka, Papa, kwetu hazitakufuta.

Tangazo lilipaswa kuishia hapo. Niliwasomea wote uani, wakaitikia, nikampelekea Mama Athanasie kalamu aweke sahihi yake. Akaisukuma.

"Jina yangu haitaingia chini ya bongo," akasema, yaani chini ya uongo.

"Bongo gani, mama?"

Akamgeukia Mama. "Kanyere, sikia. Nyumba zetu ni za mbao, miye nasikiaka yote. Kila asubuhi huyu mutoto wako akiingia kuoga, anaimbaka ile kuple ya tatu, yenye jina yako, vile baba yake aliimbaka kwa tanuri. Anaimba muzuri, anafika pale kwa 'baba yako amefunga mulango, lakini mwanga unapita chini yake', anashindwa. Anamwaga maji mingi ili tusisikie analia. Kesho anaanza tena. Ni mwaka muzima sasa."

Nilianza kuikunja karatasi ya tangazo.

Mama aliweka ungo wa maharagwe chini. Midomo yake ilikuwa inarudia lile neno la mwanga, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kisha akavuta kigoda chake karibu na changu.

"Achille," akasema. "Anza."