Kitanda cha Kanisani

Mama Salma,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Ni mimi mumeo, naandika kwa mkono huu uliozowea mwiko na chokaa kuliko kalamu, basi usicheke herufi.

Nimechoka, mke wangu. Kafili, yule mwajiri aliyenidhamini, kaniambia halas, mzee, huna kazi tena, ikama, kibali changu cha kukaa, hatengenezi. Mimi huyu, ambaye nusu ya nyumba za Balad, huu mji mkongwe wa Jedda, mkono wangu umepita. Mwanetu Haji huko Riyadh analala chumba kimoja na wenzake wa kazini, hana pa kuniweka. Kabaki Salma. Na Salma anakaa kanisani.

Usishtuke. Huko Uingereza kanisa kongwe likikosa watu linauzwa. Yeye na mumewe wamelinunua, wamelifanya nyumba. Jiko liko pale walipokuwa wakiimba. Chumba changu kakitia mbele, alipokuwa akisimama padri. Nikamwambia mimi sikuzaliwa Unguja nije nizeekee kanisani. Miezi nakataa tu. Unanijua.

Juzi kanionesha kitanda kwenye simu. Nikamuuliza, jua linachomozea wapi? Kasema dirisha kubwa lile. Nikapiga hesabu kichwani, dira ya nini, nikaona miguu yangu itaelekea kibla. Nikamfokea, "Kigeuze. Kikae mshazari, nilale ubavu wa kulia, uso kibla, kama watu." Akacheka. "Kwa hiyo unakuja, baba." Wewe ungetoa lile lako, "Mzee mbishi, hata kaburini utawaambia wamekulaza vibaya."

Lakini si kanisa lililonizuia. Makaburi ya hapa hayaandikwi majina, na lako nalijua mimi peke yangu. Ijumaa nimemwita Haji, kaja Jedda kwa basi, nikamwonesha: upande wa ukuta, karibu na bomba la maji, penye jiwe nililolichonga kona moja. Kisha nikamrudisha mlangoni, nikamwambia haya, litafute mwenyewe. Mara ya kwanza kapotea. Ya pili kalifikia, kachutama, kalishika lile jiwe. Nikaona sasa naweza kuondoka.

Basi nakuaga, mama. Kuta zao nimeziona kwenye picha, lipu mbovu, nitaipiga upya nikipata nguvu. Na kila nikilala nitalala ubavu ule ule, nakuahidi. Kibla ya huko inapita Jedda kwanza. Nitakuwa nimekuelekea.

Mumeo,
Baba Salma