Siku Mama Alipouliza Nani Kajenga Daraja

Jumamosi, mchana. Mawingu yamelala juu ya Mabibo tangu alfajiri, ila mvua yenyewe haitaki kushuka. Joto la kunata. Nguo nilizofua asubuhi bado ziko kambani, hazikauki na sina nguvu ya kuzihangaikia.

Mdogo wangu Elisante ametoka hapa sasa hivi. Amekula makande akaongeza, kisha akamchukua Mama kumrudisha Buguruni, na nyumba imekuwa kimya. Ni mara yake ya kwanza kukanyaga hapa kwangu tangu tulipokosana. Nimekaa na kikombe cha chai ya tangawizi, nataka niandike kabla sijaanza kujidanganya kuhusu yaliyotokea.

Wanaonisoma humu siku zote wanajua kazi yangu. Kwa mgeni niseme tu kwamba mie ni mchambuzi wa nauli kwenye ofisi ya serikali inayosimamia usafiri. Kampuni ikitaka kutoza nauli inaleta maombi, na sie tunakaa tunapekua: serikali imeshatoa nini, kampuni inatoa nini, abiria anabebeshwa nini. Ni kazi ya kukaa kimya na kusoma majedwali. Kwenye sherehe watu wakiniuliza nafanya nini, nikishajibu huwa wanabadilisha mada.

Miezi kadhaa nyuma yakaja maombi ya treni ya mjini, ile itakayopita Buguruni. Reli imejengwa kwa fedha ya serikali, vituo navyo, na madaraja ya waenda kwa miguu hali kadhalika. Kampuni kazi yake ni kuendesha. Iliomba nauli, na chini ya nauli ikaomba kitu kingine: ada ya kituo, itakayolipwa na kila anayepita kwenye mageti.

Kila anayepita. Siyo kila anayepanda.

Nikasita hapo. Mama yetu anakaa Buguruni, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, jirani kabisa na reli. Tangu reli ilipozungushiwa uzio, njia ya kwenda upande wa pili ni moja tu, lile daraja la kituoni, na ngazi zake ziko ndani ya mageti. Kwa sasa mageti yako wazi kwa sababu treni hazijaanza. Zikianza, mtu anayekwenda sokoni, au kanisani, au kwa Bi Zehra mwenye duka la dawa, atalipia treni ambayo hakuwa na mpango wa kuipanda.

Kulikuwa na jingine pia. Gharama za taa, usafi na walinzi wa vituo zilikuwa zimeshaingizwa kwenye hesabu ya nauli. Halafu zikaingizwa tena kwenye hiyo ada. Yaani abiria alipie taa ileile mara mbili. Nikaweka alama ya penseli pembeni, nikafungua ukurasa wa mwisho nione nani kayaandaa, ili nimpigie simu nimuulize.

Kaandaa Elisante. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Sikujua. Nilijua kapata kazi kwenye kampuni ile, idara ya fedha, nikadhani anashughulika na mishahara ya wafanyakazi. Ofisini mie natumia jina la mume wangu, ambaye mwenyewe yuko Dodoma kikazi, kwa hiyo hakuna ambaye angetuunganisha. Nikaifuta ile alama ya penseli. Kwa nini niliifuta, hata sasa siwezi kueleza vizuri.

Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa na maneno mengi kichwani. Nilijiambia kwamba naweza kuyachambua yale maombi kwa haki kuliko mtu yeyote. Kisha nikajiuliza, je, nikimkaba Elisante kupita kiasi ili nisionekane nampendelea? Kila nikigeuka naona nimejiweka mimi mbele, na abiria sijamfikiria.

Kesho yake nikaingia kwa mkuu wangu, Bi Tabu, hata chai sijanywa.

"Aliyeandaa maombi haya ni mdogo wangu," nikamwambia. "Baba mmoja, mama mmoja."

Akavua miwani akanitazama. "Umeshaandika chochote?"

"Bado."

"Basi acha faili hapa. Atalichukua mwingine. Na nyumbani msilizungumze, Nakunda, hata kwa utani."

Nikatoka nikiwa mwepesi. Wepesi wenyewe haukudumu. Wiki ileile Elisante akapiga simu.

"Dada, umeniweka pabaya. Ofisi yenu imeiandikia kampuni kwamba sie ni ndugu, na bosi ameniita, ananiuliza ni mambo gani nimekuwa nikikuvujishia."

"Hujanivujishia kitu. Mwambie hivyo."

"Nimemwambia. Unadhani ameamini?"

Akakata. Jumapili hakuja kula, na iliyofuata pia hakuja. Mama akawa ananiuliza mnagombania nini nyie, mie najibu kazi tu Mama, na yeye anaguna kwa namna yake ya kutuambia kwamba ametuzaa.

Siku ya mkutano wa maoni ya wananchi, uliofanyika kwenye ukumbi mmoja kulekule Buguruni, sikutaka kwenda. Sikuwa tena kwenye jopo linalochambua maombi yale, na kama mtumishi wa ofisi nisingeweza kusimama kuchangia. Mama ndiye aliyenilazimisha. "Miguu yangu unaijua," akasema. "Nipeleke, ukae kimya, unirudishe."

Tukakaa viti vya nyuma. Mbele, jopo la ofisi yetu limejipanga, katikati mwenyekiti, mzee mpole ambaye sauti yake haipandi hata akikasirika. Upande wa kushoto watu wa kampuni. Na kwenye kipaza sauti, ndani ya suti ya bluu ambayo mie mwenyewe nilimsaidia kuichagua, amesimama Elisante anawasilisha maombi. Alituona. Akageuza ukurasa, akaendelea.

Wa kwanza kuchangia alikuwa Bi Zehra. Familia yake ya Kishia iko Buguruni tangu enzi za babu yake, na lile duka la dawa amerithi kwa baba. Mtu wa maneno machache, ila siku ile alikuwa amechemka.

"Duka langu liko huku, mgonjwa yuko kule," akasema. "Mama ana mtoto mgongoni, anachemka homa. Akate tiketi ya treni ndiyo aje kununua dawa ya homa? Jamani!"

Ukumbi ukalipuka makofi. Wakaendelea wengine, wafanyabiashara wa sokoni, dereva wa bajaji, kijana mmoja aliyekuja kujifurahisha tu. Kisha nikahisi kiti cha pembeni yangu kimesogea. Mama amesimama, ameshika mkongojo, anaomba nafasi.

Nikamvuta gauni. Akaniondoa mkono kama anavyofukuza nzi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Akishika kipaza sauti, watu wananyamaza wenyewe.

"Ndiyo mama, tunakusikiliza, uliza swali lako," Elisante akasema, sauti ya kiofisi.

"Kabla ya swali," Mama akasema, "sijaamkiwa."

Watu wakaangua kicheko. Hawakujua. Elisante akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mtaalamu, daraja lile la kituoni kajenga nani?"

"Serikali, mama."

"Kwa fedha ya nani?"

"Ya wananchi."

"Basi mie mwananchi nikivuka daraja langu nikanunue dawa yangu ya presha, nalipia kitu gani?"

Makofi tena. Elisante akangoja yatulie. Nilimwona anafikiri, na nilimpenda kwa kutokasirika.

"Mama, daraja lina taa," akasema taratibu. "Kuna anayelifagia na kuna anayelilinda usiku ili nyie mpite salama. Hao nao wana watoto, lazima walipwe. Hela hiyo itoke wapi?"

Mama akatikisa kichwa kukubali. "Hilo nalo ni swali zuri," akasema, kisha akageukia jopo. "Waheshimiwa, msaidieni kulijibu." Akaketi.

Mwenyekiti akainama mbele. Akamuuliza Elisante, kwa ile sauti yake isiyopanda, kama gharama za taa, usafi na ulinzi haziko tayari ndani ya nauli iliyoombwa.

Mie nilikuwa najua jibu. Elisante alikuwa anajua jibu. Pembeni yake bosi wake amekunja mikono, anatazama dari.

Nakiri hapa, maana nisipokiri hapa sitakiri popote. Nilitamani aseme, "Mheshimiwa, tutaleta majibu kwa maandishi." Sentensi fupi, halali kabisa, kila kampuni inaitumia. Ingemtoa pale salama. Mie, ambaye mshahara wangu unatoka kwa kuzuia hasa sentensi za namna hiyo, niliomba kimoyomoyo mdogo wangu aitumie.

"Ndiyo, mheshimiwa," Elisante akasema. "Zipo kwenye nauli. Na kwenye ada zipo pia."

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani wengi hawakuelewa kilichotokea. Bosi wake alielewa. Akaacha kutazama dari.

Nikamrudisha Mama mpaka mlangoni kwake. Akakaa kwenye kiti cha barazani, akaanza kujisugua goti.

"Nakunda. Nimemwaibisha mwanangu mbele za watu?"

"Hapana, Mama."

"Swali lilikuwa swali la haki."

"Lilikuwa la haki."

"Ila ni mwanangu," akasema. Nikaona anafuta macho kwa pindo la khanga, mwanamke ambaye hata kwenye msiba wa baba alilia akiwa amejifungia chumbani.

Zikafuata wiki za ukimya. Elisante alikuwa anamtumia Mama ujumbe wa salamu tu. Mie niliandika ujumbe wangu mara nyingi nikaufuta. Ofisini nilijizuia kuuliza chochote, na wenzangu kwa heshima yao hawakuniambia chochote. Uamuzi nikaja kuusikia jana, siku moja na kila mtu, uliposomwa hadharani.

Nauli imekubaliwa karibu kama ilivyoombwa, na nadhani ni sawa, treni haiendeshwi kwa maombi. Ada ya kituo imekataliwa, kwa kuwa abiria ameshailipia ndani ya nauli. Na mtu anayevuka tu asitozwe kitu. Kampuni ihamishe mageti ili ngazi za daraja zibaki nje, na ofisi yetu iende kukagua kabla treni ya kwanza haijaruhusiwa kupita. Bi Zehra, nasikia, amegawa kashata kwa kila aliyeingia dukani.

Leo asubuhi Elisante akapiga simu, akauliza kama kuna chakula. Nikamwambia namfuata Mama, makande yako jikoni.

Alivyoingia alimpigia Mama magoti, kama tulivyokuwaga tukifanya udogoni tukitoka shule. Mama akamshika kichwa. Hawakuzungumzia mkutano. Tulipokuwa tunakula ndipo Elisante akatuambia kwamba amehamishwa. Hayuko tena idara ya fedha, anasimamia stoo ya vipuri kwenye karakana.

"Wamekushusha," nikasema.

"Wameniweka mbali na vipaza sauti," akajibu, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Dada, mie nilishawaambia ndani, mwanzo kabisa, kwamba hii kitu imeingia mara mbili. Nikaambiwa weka hivyohivyo. Nikaweka. Pale ukumbini nikaona siwezi kuiweka tena."

Mama akamwongezea makande bila kuulizwa. "Vipuri navyo vinahitaji mtu mwaminifu," akasema.

Elisante alipokuwa ananawa mikono, akaniuliza bila kunitazama, "Ungekuwa wewe pale mbele, ungesemaje?"

"Kama ulivyosema wewe," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia Mama kuvaa viatu.

Nilijibu haraka mno. Ndicho kinachonisumbua toka walipoondoka. Mie siku ile nilikuwa kiti cha nyuma, sina bosi pembeni, hakuna kazi yangu iliyoguswa, na bado nilitamani apite njia ya mkato. Kwa hiyo kumwambia "kama wewe" ilikuwa adabu tu. Ukweli siujui.

Jumatatu Bi Tabu ananirudisha kwenye jopo, kuna maombi mengine yanasubiri. Nitayasoma kama ninavyosomaga siku zote. Ila ninachojiombea ni kwamba siku yangu ya kusimama mbele ikifika, nisiwe ndiyo kwanza naanza kulitafuta jibu.