Mchanga wa Mumosho Haukuwa na Kosa

Papa,

Maman anakusalimu. Mimi Nsimire, kitindamimba wako mwenye maswali mengi, nimekuja kukiri kabla Tonton Bahati, ndugu yako, hajanishitaki kwako kwenye sala zake. Nimejiandikisha chuo kikuu, na si kwenye udaktari.

Najua. Wiki zile za mwisho, ulipokuwa umelala pale sebuleni, ulinishika mkono ukasema: "Mutoto yangu, ukuwe munganga. Mutu ashike kazi moja, aiweze." Nikaitikia. Nani angekukatalia siku ile? Lakini siku hiyohiyo ulitazama ukuta ulioujenga mwenyewe, uliopasuka kutoka dirishani hadi chini, ukasema: "Njo mimi nilikosea. Ile muchanga nilileta kutoka Mumosho ilikuwa mubaya."

Fundi uliyejenga nusu ya mtaa wetu huku Kadutu, ukafa ukijiona mzembe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Unakumbuka shahidi? Ulinifundisha nikiwa bado mdogo: unapaka kipande cha plasta juu ya ufa, unachora tarehe kwa msumari, unangoja. Shahidi akikatika, ukuta bado unatembea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe, maskini, uliziba na bado ukajenga.

Basi tulipomaliza matanga nikaweka shahidi wangu. Akakatika kwenye mvua za kwanza tu. Kiangazi nikaweka mwingine, akakaa mzima mpaka mvua iliporudi. Nikajiuliza: mchanga mbaya unajuaje misimu? Nikachukua kamba yako ya kupigia mstari, nikaenda kwa majirani waliojenga kwenye mteremko huu, kimo kimoja nasi. Mama Furaha ana ufa kwenye ngazi. Mzee anayefuata ana ufa kwenye tangi la maji. Mafundi watatu, kila mmoja na mchanga wake, na kamba ikapita juu ya nyufa zote tatu karibu sawasawa. Papa, nilicheka peke yangu njiani, kisha nikalia, mpaka Mama Furaha akaniletea kiti.

Si wewe. Ni mlima unaotembea.

Lakini kwa nini? Nilirudi shuleni kuuliza. Mwalimu wa kemia akanieleza jinsi udongo wa mfinyanzi unavyovimba ukinywa maji. Wa fizikia akasema nitazame uzito na mteremko. Wa biolojia akataka kujua ile mikaratusi iliyoshika udongo kule juu ya mlima ilikatwa lini. Kila mmoja alikuwa na kipande cha jibu, na kila mmoja alinituma kwa mwenzake. Nilichoka kutumwa. Ndipo nikasikia kuna masomo yanayochanganya yote hayo pamoja, na kwamba wanafunzi wanapelekwa hadi Walungu kuchimba udongo kwa mikono yao.

Mama wa ofisi ya kuandikisha alishika karatasi yangu akauliza: "Sasa weye ukimaliza, batakuita nani?" Tonton naye aliuliza hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Maman ndiye aliyesema: "Enda ujue. Njo miye nalalaka mu hii nyumba."

Nisamehe, Papa. Nilikupa ndiyo na nimeivunja. Bado sijui mlima unakwenda wapi, wala kwa haraka gani, na nina hamu ya kujua. Ninachokuahidi ni hiki, na hiki sitakivunja: kila msimu shahidi atakuwepo ukutani, na ikibidi kuhama, nitamhamisha Maman kabla nyumba haijamwangukia.

Lala kwa amani sasa, usiuwaze tena ule mchanga. Wewe hukuwahi kuandika jina lako kwenye nyumba hii kama mafundi wanavyofanya, uliona aibu ya ule ufa. Leo asubuhi nimepaka plasta mpya. Nimechora tarehe kwa msumari wako, na chini yake nimeandika jina lako, maana ukuta uliujenga vizuri.

Binti yako,
Nsimire