Mzee Polepole Amehamia Barazani

Mjukuu wangu kipenzi,

Huku sote wazima, isipokuwa magoti yangu, nayo umeshayazoea. Cherehani nimeihamishia barazani. Nikwambie sababu kabla jirani hajaniwahi.

Kinyonga wako, Mzee Polepole, anaumwa. Ulipokwenda chuoni ulinisisitizia nimtoe juani kila asubuhi. Mimi nikamficha nyuma ya pazia, maana wateja wakimwona wanakimbia na vitambaa vyao. Daktari wa mifugo amesema mifupa imelegea kwa kukosa jua. Nimekosa, mjukuu wangu, nisamehe.

Alipotaja bei ya sindano saba, nilidhani ananiuzia ng'ombe. Nilikuwa na pesa ya sindano mbili tu. Nikalitazama koti lake, mfuko umechanika, nikamwambia, "Daktari, nitakushonea makoti mawili mapya, wewe nitibie huyu." Alicheka mpaka akavua miwani, lakini akakubali.

Sasa tunashinda juani wote wawili, yeye kwenye tawi lake, mimi na koti la pili. Jana mteja mmoja alimwona akatimua mbio. Akimbie tu.

Mguu mmoja wa Mzee Polepole bado haushiki, na daktari hajaniahidi kitu. Ila leo nilimpelekea panzi niliyemkamata kwa magoti haya haya. Akamwacha panzi, akanishika kidole. Nimeshona kwa mkono mmoja mpaka jua likazama.

Chuo kikifungwa, njoo umwone. Habari za kumchukua, tutazungumza.

Bibi yako, mkamata panzi