Karatasi Yako Haikubadilika Rangi

Mpendwa kaka yangu,

Huko uliko nadhani hakuna kiangazi. Huku lambo letu limekauka, na jana Baba aliswaga ng'ombe hadi kwenye bwawa lililo chini ya mgodi.

Ulipokuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, ulinifundisha kuchovya karatasi ya kukaushia wino katika dawa ya manjano ya majeraha ya moto, iliyochanganywa na magadi. Tuliponda maganda ya mihogo michungu, tukayatia chupani, tukaning'iniza karatasi juu yake. Ikageuka nyekundu kama tofali. "Sumu ya namna hii ndiyo wanayosafishia dhahabu mgodini," ulisema. "Maji yao usiyaamini kwa macho." Mama akatufukuza jikoni, chupa ilikuwa yake ya mafuta.

Jana nilichukua karatasi zako mbili zilizobaki tangu homa ilipokuondoa. Nilichota maji ya bwawa, nikakamulia limau ulivyonielekeza, nikaning'iniza karatasi moja, nikaziba chupa. Ng'ombe walilia kwa kiu. Baba mdogo aliwazuia kwa fimbo huku akicheka, "Leo tunachungwa na karatasi!"

Karatasi ilibaki ya manjano.

"Basi ni salama," Baba akasema. "Waachieni."

Unajua ninavyoona haya hata kujibu darasani, lakini nilipaza sauti: "Subiri, Baba!" Niliogopa kwamba karatasi imechakaa. Niliomba mhogo mchungu shamba la jirani, nikaponda maganda, nikaijaribu karatasi ya pili. Tulingoja, jua kichwani. Hata kwa sumu ninayoijua, haikubadilika.

"Kwa hiyo maji ni mabaya?" Baba akauliza.

"Sijui, Baba. Karatasi zimekufa. Haziwezi kutuambia lolote."

"Shule yote ile, jibu ni sijui?" Baba mdogo akadakia.

Baba akamgeuza dume la mbele kwa fimbo, na kundi zima likaelekea mtoni, mwendo wa alasiri nzima.

Ndama mmoja alianguka njiani, hakuinuka tena. Baba alimchinja. Tuliporudi nyumbani usiku sikulala, kaka. Sijui kama niliokoa kundi au niliua ndama bure, na hakuna atakayejua.

Asubuhi nilimpa Baba shikamoo. Akaitikia, akafunga viatu vyake, akasema, "Haya, twende ukanioneshe namna ya kutengeneza karatasi nyingine."

Ananisubiri mlangoni. Pumzika, kaka.

Mdogo wako