Visanduku Vitano Kwenye Jiwe la Mama

Jeppestown, Johannesburg
Jumapili, 21 Mei 2017

Mpendwa Mjomba Théodore,

Pokea salamu za nyumba nzima. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Lubumbashi? Na mikono, imepunguza kutetemeka? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe, ila mimi nina hasira na leo utazisikia.

Unajua tarehe 8 Julai tunafunua jiwe la kaburi la Mama, kama ilivyo desturi ya huku. Nilitaka jina lake liandikwe kwa Mandombe, maandishi uliyomfundisha wewe: Ma-ri-se-li-na, kama alivyolitamka mwenyewe, silabi tano, kila moja na alama yake. Nililipiga kwenye kompyuta yangu, likatoka zuri, nikamtumia mchonga mawe, Mzee Onesmo.

Jumatano nilikwenda kuliona na binti yangu Héritière. Eish, Mjomba. Mahali pa jina pamechongwa visanduku vitano vitupu, vimepakwa rangi ya dhahabu. Onesmo alidhani ni pambo. Héritière siku hizi hunijibu kwa Kizulu tu, lakini alipoona jiwe la bibi yake aliuliza kwa Kiswahili: "Mama, Nkambo hana jina?" Nililia palepale kwenye vumbi la mawe.

Emery, fundi simu jirani yetu, ndiye aliyenieleza. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. "A" ina namba yake, ileile huku na huko kwenu, dunia nzima imekubaliana. Alama zetu bado hazijapewa. Vijana wa kanisani waliozitia kwenye kompyuta yangu walitumia namba zisizo na mwenyewe, kama mtu anayejenga kwenye kiwanja bila hati. Kwangu zinaonekana, kwa Onesmo mashine haikuzitambua, ikaweka kisanduku.

Kaka François anasema tuandike kwa herufi za kawaida yaishe, wageni wamekwisha alikwa. Sikubali. Mama hakukanyaga shule. Vipimo vya wateja wake wote wa cherehani, mikono, viuno, mabega, aliviandika kwa Mandombe, na maandishi mengine hakuyajua kabisa. Leo nimwekee jiwe asiloweza kulisoma? Thubutu.

Madaftari yake manane ya vipimo nimeanza kuyapiga picha. Emery anasema wanaogawa namba hutaka kwanza kuona kwamba watu wanayatumia maandishi kweli. Basi nitawaonyesha viuno vya wanawake wa Jeppestown. Kama itachukua miaka, na ichukue.

Lakini jiwe haliwezi kungoja miaka. Onesmo, naye ameona haya, anasema visanduku havifutiki bila kuliharibu, ila anaweza kuchonga ndani yake kwa patasi, akifuata karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua ulivyopinda. Nataka wako. Kila kisanduku kina upana wa kiganja. Amisa, yule wa duka la vitenge, anapanda basi kuja huku tarehe 15 Juni. Mpe karatasi, aitie ndani ya Biblia isikunjike.

Na usiniambie habari ya mikono kutetemeka. Itetemeke. Nimemwambia Onesmo asinyooshe kitu, achonge hivyohivyo utakavyoandika.

Nisalimie Mama Angélique na Obadia, na majirani wote wanaomkumbuka Mama. Mungu akushike mkono siku utakapoandika jina la dada yako.

Mimi mpwa wako nikupendaye sana,
Gaëlle