Maombi ya Nyumba Yaliyoishia Getini

Mama wangu,

Nakusalimia kutoka kambi ya jeshi huku Buffalo, vidole vimekufa ganzi. Theluji ya huku haianguki, inakuja ubavuni na upepo mpaka inakuingia masikioni. Ile yenu ya Columbus ni mchezo.

Bon, Jumamosi tuliita watu wa kanisa waje kuombea nyumba, kama tunavyofanya kila tukihama. Nilipika sombe na samaki, nikasonga bugali, nikangoja hodi. Wapi! Nilisahau kwamba kambini mgeni habishi hodi tu; jina lake linatangulia kwa askari wa getini. Wakazuiwa, wamama wote vitambaa vya kichwa vimejaa theluji.

Donc nikabeba sufuria, tukala ndani ya magari yao, nje ya geti. Kisha pasta akanyoosha mkono kuelekea kambi, akaomba mpaka machozi yakamtoka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nyumba yetu iko upande mwingine. Kule alikoelekea ni kwenye ndege za jeshi.

Mkwe wako alicheka. Eti bora wameombea ndege, maana ndiyo atakayopanda mwezi ujao jeshi likimtuma mbali. Mimi sikucheka. Katika nyumba tutabaki mimi na Neema, mtoto wa miaka mitatu, na hakuna jirani ninayemjua.

Jifunike magoti, Mama, nakupenda. Nitumie jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, nilipeleke getini mapema. Uje uiombee nyumba ukiwa ndani.

Binti yako,
Furaha